Kiwiko cha Koti la Mzee Mugenzi

Nguo ikifika mezani kwa Febronia haikatwi kwanza, inahojiwa. Ataigeuza ndani nje, ataivuta pindo, ataipitishia pua kwapani bila haya yoyote, kisha atamtazama mwenyewe juu ya miwani na kuuliza, "Hii ilichanikaje?" Ole wako ujibu kwamba imechanika tu. Nguo haichaniki tu, jamani! Kuna msumari wa kiti, kuna mkoba unaobebwa bega lile lile kila siku, kuna mtu aliyenenepa na hataki kukubali. Ukishona kabla ya kujua, husema Febronia, umefunga mlango na mwizi yumo ndani.

Chumba chake kiko Muhima, mjini Kigali, juu ya maduka ya vipuri vya magari, mahali ambapo kelele za stendi ya Nyabugogo hupanda mlima na kufika zimechoka kidogo. Anakigawana na Shallon, Mnyarwanda aliyelelewa Uganda, fundi wa cherehani mwenye miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Febronia mwenyewe ni Mhaya wa Muleba. Alivuka mpaka wa Rusumo akimfuata mume wake dereva wa lori. Mume akazoea barabara, yeye akauzoea mji, na kila mmoja akabaki na alichokizoea. Wanapendana vizuri sana kwa simu.

Kazi yake si kushona nguo mpya. Ukimletea kitenge kipya atakuelekeza chumba cha jirani. Yeye anataka kilichochoka: mapazia yanayogeuka aproni, jinzi zinazogeuka mikoba, majoho ya kwaya yanayogeuka mashati ya watoto. Zamani watu walimletea vitu hivyo kwa aibu, vimekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi kama dawa ya ugonjwa usiotajwa. Siku hizi chaguwa, ndivyo mitumba inavyoitwa Kigali, imepanda bei, na mabinti wa ofisini wanapanda ngazi wameshika nguo zao kuukuu mkononi, hadharani, wakitaka "kitu kiko unique". Febronia anacheka. Wamechelewa, lakini wamefika.

Na udadisi wake hauna dawa. Aliwahi kukuta sketi ya chaguwa yenye pindo lililoteremshwa, likateremshwa tena, na tena, kila mara kwa uzi mwingine. Akakaa nayo mapajani mchana mzima, kazi imelala, akimfikiria yule binti wa nchi asiyoijua aliyekuwa akirefuka, na mama aliyekuwa akimfuata nyuma kwa sindano. Shallon alimwambia, "Febu, wewe utakufa njaa sababu ya watu hujawahi kuona." Febronia akajibu kwamba njaa ya kutojua ndiyo mbaya zaidi.

Basi siku moja akaingia Kaliza.

Kaliza anafanya kazi ofisini na anaishi Kibagabaga, binti anayependeza bila kujisumbua. Siku hiyo alikuwa na mfuko mkononi na hasira usoni, ile hasira ya kumkasirikia mtu unayempenda.

"Mama Febronia, mimi naolewa, bado wiki mbili," alisema hata kabla ya kukaa. "Baba nimemnunulia suti. Mpya! Iko nyumbani, iko na lebo yake. Oya, hapana, hataki. Anasema atavaa hii, ama hatoki kwake Masaka, nitafute mtu mwingine wa kunipeleka kanisani."

Akalitoa koti. Lilikuwa la sufu, rangi ya kahawa, koti la mwanamume wa zama nyingine. Mabega yalikuwa yamepauka kwa jua, kingo za mikono zimechakaa, bitana ndani imepasuka kama ganda la ndizi.

"Anasema nani? Baba mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mzee Mugenzi. Alikuwa bwana mifugo, amezoea ng'ombe, hajazoea kubishana. Alioa nayo hii koti, kule Karagwe, walikokuwa wanaishi kabla ya kurudi Rwanda. Tangu mama afe, nakwambia, hii koti ndiyo bibi yake."

Febronia hakusikiliza tena. Alikuwa ameshafumua mshono mfupi wa ndani kwa ncha ya mkasi na kuchungulia upande wa pili wa kitambaa, ule ambao bitana ilikuwa imeukinga na jua miaka yote. Kahawa iliyokaangwa sasa hivi! Rangi ilikuwa imelala humo ikisubiri. Akapiga ulimi kwa furaha.

"Hili tunaligeuza," alisema.

"Kugeuza ni kufanya nini?"

"Nalifumua lote, kipande kwa kipande. Cha ndani kinakuja nje, cha nje kinaenda ndani, nashona upya. Mafundi wa zamani walifanya hivyo kwa kila koti zuri, maana sufu kama hii mtu hakuitupa. Ila ujue, kushoto kutakuwa kulia. Mkono wa kulia utahamia kushoto, na mfuko wa kifuani utakaa upande ambao watu hawajauzoea."

"Watu watacheka?"

"Wanaojua watajua kwamba koti limeishi mara mbili. Wasiojua watadhani ni fasheni imetoka Ulaya."

Kaliza akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie, na akaacha koti.

Kufumua koti la namna ile si kazi ya haraka. Unakata uzi mmoja, unavuta, unapuliza vumbi, unakata mwingine. Febronia hufanya hivyo kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele, huku akiongea na nguo. Ilipofika zamu ya mkono wa kulia, alitoa bitana, akafika kwenye kiwiko, akanyamaza ghafla. Shallon alisimamisha cherehani. Febronia akinyamaza lazima kuna jambo.

"Njoo uone mambo!"

Kiwiko kilikuwa kimewahi kuchanika, tena vibaya, mchaniko wa mtu aliyeanguka kutoka kwenye baiskeli. Kwa nje usingejua. Mtu alikuwa amelifuma lile tundu uzi kwa uzi, chini juu, chini juu, akifuata mtande na mshindio, nyuzi za wima na za mlalo, za kitambaa chenyewe. Na uzi hakuununua. Aliuchomoa kwenye pindo la koti hilo hilo ili rangi isimsaliti. Kwa ndani tu ndipo kazi ilionekana, safi, imebana, kila mshono ukubwa mmoja. Na pembeni yake, mahali ambapo hakuna jicho lingefika bila kung'oa bitana, palikuwa na jani dogo la ncha tatu, limetariziwa kwa uzi mwekundu.

"Yampaye inka!" alishangaa Shallon. "Hii ni kazi ya mashini?"

"Mashini gani! Huu ni mkono wa mtu." Febronia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na mtu mwenyewe ni mashoto. Tazama. Sisi wa kulia tunaanzia kulia tunakwenda kushoto. Huyu ameanzia kushoto, kila mstari."

Siku nzima jani lile lilimsumbua. Kwa nini mtu atarizi pambo mahali ambapo halitaonekana? Mke, aliwaza. Mke ameweka salamu kwenye koti la mumewe, na mume hajui. Ee, watu wana mambo matamu! Lakini palikuwa na tatizo la kazi pia: koti likigeuzwa, jani lile litatoka nje, litakaa kwenye kiwiko mbele ya kanisa zima. Liachwe au lifumuliwe? Hilo si la fundi kuamua. Akampigia Kaliza simu aje.

Na hapa ndipo Febronia alipoharibu. Binti alifika jioni akitokea kazini, na Febronia, badala ya kuuliza swali lake moja na kufunga mdomo, alimtandazia mkono wa koti chini ya dirisha akaanza kumsimulia kama anayesimulia sinema. Tazama uzi. Tazama subira. Aliyeshona hivi alimpenda mwenye koti, haina ubishi.

"Mama yako alikuwa na mkono wa ajabu," alisema. "Tena wa kushoto."

"Mama hakuwa mashoto," alisema Kaliza.

"Hakuwa?" Macho ya Febronia yaling'aa. Kitendawili kimenoga! "Na jani hili, aliwahi kulitarizi popote?"

"Hapana. Vitambaa vyake navijua vyote. Aliingia navyo kwenye ndoa, mpaka leo viko mezani kwetu. Nyanya alikuwa anavionyesha wageni, anasema hakuna bibi arusi aliyekuja na vitambaa kama Mukamana. Hakuna jani kama hii."

"Basi atakuwa mwanamke mwingine!" alisema Febronia. Alisema kwa furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu. "Tena si fundi wa kulipwa, fundi haweki jani. Huyu ni mtu wa karibu. Nani alikuwa mashoto kwa jirani zenu?"

Shallon alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Kaliza alikuwa amelishika lile jani kwa kidole, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hii koti alivaa maisha yangu yote," alisema taratibu. "Mama akiwa hai."

Akachukua mkoba wake akashuka ngazi bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata simu ililia. Kaliza alikuwa amemwuliza baba yake, uso kwa uso, ni nani aliyeshona kiwiko. Mzee akasema, "Hilo sitakuambia." Basi! Mtu asiye na cha kuficha angejibu. "Usishone tena hiyo koti," Kaliza alimwambia Febronia, na sauti yake ilikuwa kavu. "Mjomba ndiye atanipeleka kanisani."

Febronia aliweka simu chini, akaketi. Vipande vya koti vilikuwa vimetapakaa meza nzima.

"Si wewe," Shallon alijaribu kumpoza. "Ni ile koti ndiyo ilisema."

"Koti halina mdomo, Shallon. Mdomo ni wangu." Na alilia, Febronia, kwa aibu na kwa hasira juu yake mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa akiziuliza nguo maswali na nguo hazikumwaibisha mtu. Hakuwahi kufikiri kwamba jibu likipatikana, kuna mtu wa kulibeba.

Mzee Mugenzi alikuja mwenyewe siku ya pili, kwa moto, ile pikipiki ya abiria, kutoka Masaka nje kidogo ya mji, kofia ya pikipiki bado imemwachia alama kwenye paji la uso. Mrefu, mkavu, viatu vimepigwa rangi vizuri. Aliamkia kwanza, akauliza hali ya nyumbani, akauliza habari za Muleba alipoambiwa kwamba Febronia ni wa huko, maana yeye amekulia ng'ambo ile na Kiswahili chake ni cha ng'ambo ile. Heshima zote alizimaliza. Ndipo akasema, "Nimekuja kuchukua koti langu, mama."

Febronia akaelekeza meza kwa mkono. Mzee alilitazama koti lake lililochanguliwa kama anavyomtazama ng'ombe aliyeanguka malishoni, akitafuta pa kuanzia.

"Mzee wangu, kosa ni langu," alisema Febronia. "Nilibwabwaja. Nilimwambia mtoto mambo nisiyoyajua."

"Kosa la nani halinisaidii. Binti yangu hataki kuongea nami. Nimempigia, hapokei. Nimemlea nikamwona anakua, na siku ya kumpeleka, mtu mwingine atamshika mkono." Hakupandisha sauti, ila aligeukia dirishani.

Shallon, ambaye akikosa la kusema huchemsha chai, alimletea kikombe. Mzee alinyoosha mkono wa kushoto, akaurudisha upesi kama aliyeungua, akapokea kwa wa kulia na kushukuru. Kupokea kwa kushoto ni utovu wa adabu, kila mtu anajua, na watoto wengi wa kizazi chake walichapwa shuleni mpaka mkono ule ukasahau kazi. Febronia aliona, lakini hakuwaza kitu. Aliwaza tu kwamba ni mzee mwenye adabu.

Kisha Mzee akauchukua ule mkono wa koti. Wakati wa kufumua, mkasi ulikuwa umegusa ukingo wa kile kiraka cha uzi, na ncha moja ilikuwa imechomoka, inaning'inia. Mzee aliiona, akakunja uso. Bila kuangalia, alichomoa sindano kwenye mto wa sindano wa Febronia, akaipitisha ncha ile tunduni mara moja tu, akaizamisha katikati ya nyuzi, akazungusha kidole, akabana. Kwa mkono wa kushoto. Ilikwisha kabla ya mwenyewe kujua kwamba ameanza.

Safari hii Febronia aliona na kuelewa.

"Shallon," alisema, "shuka dukani kwa Sharif ukaninunulie uzi."

"Uzi gani?"

"Wowote!"

"Rangi gani?"

"Mwanamke, nenda!"

Shallon akaenda, akigeuka nyuma kila ngazi. Febronia akavuta kigoda karibu, akapunguza sauti.

"Mzee, ni wewe."

Mugenzi aliitazama sindano mkononi mwake kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. Alitaka kukana, ilionekana. Kisha mabega yakashuka.

"Ni mimi," alisema.

Halafu akasimulia, kwa vipande, akisita. Alipokuwa kijana kule Karagwe alivunjika mguu, akalazwa hospitali ya misheni kwa miezi. Sista mmoja hakupenda kuona watu wamelala bure, akawapa wagonjwa wote sindano na foronya za kutarizi, wanaume kwa wanawake, na hakujali nani anatumia mkono gani. Kila mgonjwa alikuwa na alama yake, ili Sista ajue kazi ni ya nani. Ya Mugenzi ilikuwa jani la ncha tatu. Na ilikuwa raha, mama! Mkono uliochapwa shuleni ukapata kazi unayoijua.

Alipotoka alifunga mdomo. Fundi wa cherehani akiwa mwanamume, sawa, ni kazi ya mjini. Lakini mwanamume na kitambaa mapajani, sindano ya mkono, maua? "Mimi nimeshona ng'ombe mbele ya kijiji kizima, nikijilazimisha mkono wa kulia, na hakuna aliyecheka," alisema. "Kitambaa ni kitu kingine."

Kisha akampata Mukamana. Mukamana aliweza kulima kuliko wanaume, aliweza kuimba, aliweza kubishana na mjumbe mpaka mjumbe aombe maji. Sindano ilikuwa adui yake. Na mama mkwe mtarajiwa alikuwa anasubiri vitambaa, maana bibi arusi asiye na vitambaa vyake alionekana hana mikono. Mukamana alilia. Mugenzi akamwambia, niletee kitambaa na uzi.

"Nilivitarizi vyote. Akaja navyo. Mama yangu akamsifu mpaka anaingia kaburini. Wanawake wakaja kuomba awafundishe, akasingizia macho. Na mimi nikaendelea hivyo hivyo, kila kilichochanika nyumbani, kwa siri. Aliniapisha. Nisiseme, hata yeye akifa." Alipapasa jani jekundu. "Hili niliweka kwa sababu, sijui. Mtu akifanya kazi nzuri gizani, moyo unataka shahidi. Sasa nikimwambia mtoto, nitamvua nguo mama yake kaburini. Nisipomwambia, nimekuwa mzinzi. Nichague lipi?"

Febronia alifikiri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na maswali tele na hakuyauliza.

"Uliapa usiseme," alisema mwishowe. "Usiseme. Kaa hapo ushone."

"Nishone nini?"

"Koti lako. Kingo zimelika, tundu za vifungo zizibwe kwa uzi halafu zikatwe upande wa pili, na kazi ya namna hiyo mimi siiwezi kama wewe. Uligeuze koti lako mwenyewe."

Mzee aliangalia mlango uliokuwa wazi. Nje, kwenye baraza, wanawake wa vyumba vingine walikuwa wakipita na vitambaa vyao. "Basi funga mlango."

"Nikifunga hatuna mwanga, Mzee."

Mzee alitoa kitambaa cha mfukoni akajifuta uso. Kisha akavuta kiti mpaka karibu na mlango, palipo na mwanga mzuri, akalaza kitambaa mapajani, akaomba subana kwa ajili ya kidole. Febronia akatoka barazani akampigia Kaliza. "Njoo uchukue vitu vya baba yako leo hii," alisema kwa ukali wa kujitia. "Mimi sitaki ugomvi wa watu mezani kwangu."

Shallon alirudi na uzi wa kijani usiofaa kwa lolote. Alimwona Mzee, akafungua mdomo, na Febronia akamtazama namna ambayo mdomo ule ulijifunga wenyewe. Akaketi kwenye cherehani bila kukanyaga. Wanawake wawili wa baraza walisimama kutazama. Mmoja alicheka, mwenzake akasogea karibu, akainama, akasema, "Tazama hiyo mishono," na aliyecheka akasogea pia. Masikio ya Mzee yalikuwa yamewaka, lakini mkono uliendelea na kazi.

Kaliza alifika na kitambulisho cha ofisini bado shingoni. Alikuwa amejiandaa kugomba. Ungemwona alivyopanda ngazi. Alipofika mlangoni akasimama.

Baba yake hakuinua kichwa. Sindano ilizama, ikaibuka, ikazama, kushoto kwenda kulia, na uzi ulikifuata kidole kama unaokijua. Kaliza aliutazama mkono ule. Aliutazama mpaka wanawake wa baraza wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu, bila kuambiwa.

"Baba," alisema.

"Mimi sikusema neno," alisema Mzee, na ilikuwa dhahiri kwamba haongei na Kaliza, anaongea na marehemu.

Kaliza akachuchumaa pale sakafuni. Akaligusa jani, akaigusa sindano, akamtazama baba usoni.

"Vitambaa vya mama? Vile vya mezani, vyenye ndege?"

Mzee akashona.

"Na sare zangu? Nilikuwa nampa mama sketi imechanika, ananiambia, weka hapo, nenda kalale, usiingie chumbani kwetu. Asubuhi iko sawa. Baba, nani alikuwa anashona sare zangu?"

Sindano ikasimama. Mzee Mugenzi alijaribu kunyamaza, na akashindwa.

"Mama yako alikuwa anakaa mlangoni," alisema. "Mtu akija, anaanza kuimba, ili nifiche."

Kaliza alifunika uso kwa mikono miwili. Febronia alidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini kicheko kilikuwa kimechanganyika humo. "Zile nyimbo! Nilikuwa nasema mama anapenda sana kuimba! Disi, maskini mama. Nyanya mzima, kijiji kizima, wote aliwadanganya!" Kisha kicheko kikaisha, akamlalia baba yake gotini, juu ya koti, juu ya sindano na kila kitu. "Nisamehe. Niliwaza ubaya juu yako. Nisamehe, Baba."

"Inuka, utajichoma," alisema Mzee. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amemshika, hakumwachia.

Shallon aliapa, bila kuombwa, kwamba siri hii haitatoka chumbani. Febronia alimwamini nusu. Yeye mwenyewe alitamani kuuliza: Mukamana aliimba nyimbo zipi? Je, kuna mtu aliyewahi kuingia ghafla, mzee akafanya nini na kitambaa? Maswali yalimwasha ulimi. Akameza mate, akaenda kuwasha pasi.

Kaliza alijifuta macho, akasogeza kigoda akaketi karibu na baba yake.

"Kanisani utanishika kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Ndiyo adabu."

"Hapana," alisema Kaliza. "Nataka huo."

Mzee Mugenzi alijaribu kutunga uzi mwingine, mara ya kwanza ukapita pembeni, mara ya pili ukapita pembeni, macho yamejaa, na ikabidi binti yake aichukue sindano amtungie.